Nilificha Kiti cha Mume Wangu Pale Bucha

Kosa ni langu, na sitamsingizia shetani. Nimewaambia watu ati sakafu ilikuwa na mafuta. Uongo! Sakafu niliipiga deki mwenyewe asubuhi ile na ikakauka kabisa.

Mume wangu ana bucha hapa Nkubu. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha, kikamlegeza mkono na mguu wa kushoto. Alipoanza tena kutembea na fimbo, wallahi nililia kwa furaha.

Kule kliniki, dada wa mazoezi alimsimamisha bila fimbo. Akasimama imara! Kisha akamwambia, "Mzee, sasa nitajie miezi, uanze na Desemba ukirudi nyuma." Weee! Hata Oktoba hakufika. Aliyumba kama mlevi, dada akamdaka.

"Mama, umeona?" akaniuliza. "Sisi tukisimama hatufikirii kusimama. Yeye ubongo wake unatumia nguvu nyingi kwa hiyo kazi moja tu. Ukimpa na swali, mguu unasahaulika. Akitembea, usimwongeleshe. Akitaka kuongea, akae."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini roho iliniuma. Sokoni walishaanza kunong'ona ati mzee amerudi mtoto, na mdogo wake alikuwa anataka bucha aiendeshe yeye. Nikasema, ngoja, nitawaonyesha!

Siku ya soko nikampeleka bucha. Kiti nikakificha huko nyuma, maana niliona mwenye bucha akikaa ataonekana mgonjwa. Fimbo nayo nikaificha. Akaniambia polepole, "Mama Zainabu, niletee kiti." Nikamjibu, "Simama, wanakuona!"

Jameni, hayo maneno ndiyo yananinyima usingizi.

Wateja wakaja, na salamu za kwetu mnazijua. "Muuga, mzee!" "Watoto wazima?" "Nipimie nusu, na usiniwekee mfupa!" Badala ya kuwanyamazisha, mimi nilikuwa namhimiza: "Wajibu! Si uwajibu!" Mmoja akamuuliza huyu ng'ombe ametoka wapi. Nikaona macho ya mume wangu yanapanda juu kutafuta jibu, kisu kiko mkononi. Mguu ukakunjika. Kichwa kikagonga gogo la kukatia nyama, kisu kikaanguka karibu na shingo yake. Nilipiga nduru mpaka sauti ikakauka.

Nyonga ilivunjika. Mdogo wake alipouliza kilichotokea, nikawahi kusema ni sakafu. Mume wangu akanitazama, kisha akasema, "Ndiyo, ni sakafu." Uuui! Afadhali angenitukana.

Sasa naishi kwa hofu. Mtu akipiga hodi wakati mume wangu anatembea na fremu aliyopewa hospitalini, moyo unaniruka, maana mdomo wake umezoea kujibu "Karibu!" Nashinda pale mlangoni nikiwazuia wageni kabla hawajafungua mdomo. Nimekuwa kama mwendawazimu.

Nyinyi wenye wagonjwa wa kiharusi, nawaomba, mkiambiwa msikie! Msimjaribu mgonjwa wenu ili majirani waone amepona. Mwacheni akae. Aibu ya kukaa kwenye kiti haijawahi kumvunja mtu mfupa.

Jana alitaka kwenda chooni. Alishika ile fremu yake ya kutembelea, lakini kabla ya kuinuka akanitazama, akaweka kidole mdomoni. Nami sikuwa nimesema kitu! Mume wangu anaiogopa sauti yangu.