Anapanda au Hapandi

Nimechoka kuulizwa habari za watoto wa watu. Niliseme hilo mapema ili anayesoma ajue yuko na mtu wa namna gani. Siku nzima nasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kubwa huku Jette, Brussels, kutoka wodini kwenda chumba cha picha, kutoka chumba cha picha kurudi wodini, na Jumamosi, badala ya kulala kama wenzangu wenye akili zao, nafundisha besiboli. Ndiyo, besiboli. Nilijifunza shuleni Dar es Salaam kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, aliyekuwa akitupigia mipira kwenye jua la saa nane mpaka tuone maruweruwe. Nilipofika Brussels nikakuta klabu ndogo yenye uwanja wa nyasi mbovu pembezoni mwa mji, inatafuta mtu wa kufundisha vijana bila malipo. Nani mwingine angekubali.

Huko ndiko nilikompata yule kijana. Mama yake ni Mrundi wa Bujumbura, mjane, Mwislamu wa swala tano, anaogesha na kulisha wazee kwenye nyumba ya wazee. Alimleta akiwa mdogo bado kwa sababu alikuwa amewachosha majirani kule Berchem wanakoishi: alirusha mawe na hakukosea, na vioo vya watu vilikuwa vinakwisha. Nikampa mpira, nikamwambia arushe. Basi bwana, glavu iliniwasha kiganja mpaka jioni.

Nikamweka nyuma kabisa ya uwanja, mahali ambapo kazi yako ni kukimbilia mipira iliyopigwa mbali na kuidaka kabla haijagusa chini. Alikimbia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alipomaliza sekondari, klabu moja ya Marekani ilimwona kwenye kambi ya majaribio, ikamchukua, na mama yake akapika pilau la mtaa mzima.

Sasa, kuchukuliwa si kufika. Klabu kubwa za kule zina timu nyingine chini yake, zimepangwa kama madarasa ya shule. Unaanzia la chini, ukifanya vizuri unapandishwa, ukipandishwa unakutana na waliopandishwa wenzako, na wengi mno hawalioni darasa la juu hata kupitia dirishani. Nilijaribu kumweleza mama hayo. Kwake yeye besiboli ni wanaume wazima wamesimama kwenye majani wakitema mate. Alichoshika ni neno moja tu, kupanda.

Julai hii akanipigia simu nikiwa mapumzikoni, nimekaa kwenye ngazi za dharura na kipande changu cha mkate.

"Kaka," akasema, "wewe unajua ile muchezo, mimi sijue kitu. Niambie kweli. Mutoto anapanda ao hapandi?"

Nikamwuliza kulikoni. Akanieleza kwamba amemwombea mwanawe nafasi ya mafunzo ya ufundi wa lifti, mafunzo ambayo ukimaliza kazi ipo, si maneno. Nafasi inashikiliwa hadi mwisho wa Agosti. Ikipita hapo anapewa mwingine.

"Donc, kama anapanda, ninamuacha. Kama hapandi, ninamurudisha. Lakini siwezi kumukata mutoto miguu bila kujua. Wewe umuangalie vizuri. Chenye utasema, ndicho nitafanya."

Mkate ulinishinda. Kwa miaka mitatu nilikuwa namjibu kwamba anaendelea vizuri, kwa sababu ndivyo tunavyojibu. Hata mgonjwa ninayemsukuma kwenda kupasuliwa, ndugu zake wakiniuliza mlangoni, nasema anaendelea. Sasa mtu ananiomba jibu lingine, na maisha ya kijana yananing'inia hapo. Nilimkasirikia, nisidanganye. Nilijiambia mimi si baba yake, mimi si klabu, mimi nina magoti mabovu na zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Kisha nikaanza kumwangalia.

Mechi zao zote hurekodiwa. Nilizitazama kwenye tramu asubuhi na kwenye zile ngazi mchana, simu ndogo, macho yenyewe ya kuazima. Kamera ni moja, iko nyuma ya mpigaji, na kijana wangu kule mwisho anaonekana kama punje ya mchele. Mpira ukipigwa, kamera inaufuata mpira, yeye anapotea. Inapomkuta tayari ameshakimbia nusu ya njia. Kwa hiyo ile hatua ya kwanza, ambayo kwa mchezaji wa kule nyuma ndiyo kila kitu, huioni. Ikabidi niikisie. Nasimamisha picha pale kamera inapomkuta, natazama yuko wapi, kisha natazama angepaswa kuwa wapi.

Kila mara alikuwa nyuma kidogo. Mchezaji aliyeiva husikia mlio wa gongo tu na mguu umeshaondoka. Wangu anasubiri kwanza auone mpira uko wapi ndipo akimbie. Hapa kwetu mbio zake zilifunika kasoro hiyo, na mimi mwenyewe nilikuwa nashangilia jinsi anavyoidaka mipira kwa kujitupa, bila kujiuliza kwa nini kila mara inambidi ajitupe. Kule kila mtu ana mbio.

Kwenye kupiga ndiko nilikovunjika moyo. Mpira ulionyooka anautandika vizuri. Ila kuna ule unaokuja umenyooka, kisha ukifika karibu unapinda na kuanguka, na huo alikuwa anaupiga hewani, hewani, hewani. Warushaji wa kule si wajinga. Wakiona hukipendi chakula, ndicho hicho hicho watakupakulia. Mwezi wa sita walimtoa katikati wakampeleka kushoto, mahali wanapofichwa wasioaminiwa. Baadaye wakawa wanamwacha benchi mechi nzima. Nilitazama mechi nyingi kuliko zilizohitajika kwa sababu nilitaka kugundua kwamba nimekosea. Sikukosea. Mkono wake bado ulikuwa mkono, akirusha kutoka nyuma mpira unafika nyumbani, pale anaposimama mpigaji, bila kudunda, lakini mkono peke yake haumpandishi mtu darasa.

Mambo kama hayo hayasemwi kwenye simu. Kwetu hayasemwi, na kwao hivyo hivyo. Nikamwandikia ujumbe: "Dada, Jumamosi nitakuja kwako na mke wangu. Ni habari za kijana. Si za kwenye simu. Jikaze, tumtangulize Mungu." Mke nilimchukua kwa sababu si adabu mwanamume kwenda peke yake kwa mjane. Mama alinipigia mara moja, nilikuwa ndani ya lifti na mgonjwa mwenye mirija ya dawa kila upande; niliposhuka nikasahau. Zilikuwa siku za joto, nusu ya wafanyakazi wako likizo, na nilikuwa nimechoka kiasi cha kukaribia kusahau jina langu.

Jumamosi tukafika Berchem. Nje ya mlango wake kulikuwa na viatu vingi, nikadhani ana wageni, nikaudhika kidogo maana sikutaka kusema mambo ya mtoto mbele za watu. Akafungua mwanamke aliyejifunika kitenge kichwani. Hakusema karibu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole, papa," kama kwao wanavyomwita mwanamume wa heshima.

"Asante," nikajibu. Nilidhani ananipa pole ya ngazi.

Ndani viti vilikuwa vimesogezwa ukutani, mikeka imetandikwa, wanawake wamekaa chini kimya. Mama mwenye nyumba alikuwa katikati yao, amenyoosha miguu, amejifunga kitenge kiunoni, macho yamevimba. Kwenye kiti kimoja alikaa mzee wa msikiti mwenye tasbihi mkononi. Mimi, niliyefanya kazi hospitali miaka yote hii, sikushtuka. Uchovu unampumbaza mtu. Nilijiambia, kumbe wanaipenda besiboli kiasi hiki.

"Tulikuwa tunakungojea," yule mzee akasema. "Sema tu, papa. Iko mapenzi ya Mungu."

Nikakohoa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye tramu.

"Dada," nikasema, "huyu kijana nimemlea kama wangu. Alikuwa na mbio ambazo sijaziona kwa mwingine. Alijitahidi sana, hakuna wa kumlaumu. Lakini Mungu hakupanga afike mbali zaidi ya pale."

Chumba kizima kikaangua kilio. Mama akajipiga mapaja, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Nikabaki mkono wangu uko hewani. Mke wangu ndiye aliyeelewa. Alinivuta shati kwa nguvu akaninong'oneza, "Wewe mwanamume, wanadhani amekufa."

Wiki nzima, nilikuja kuambiwa baadaye, kijana alikuwa hashiki simu ya mama yake. Halafu mimi nikaandika si za kwenye simu, nakuja na mke wangu, jikaze, tumtangulize Mungu. Kwao mtu haletewi msiba kwa namna nyingine. Na baada ya ile simu moja hawakuniuliza tena, kwa sababu anayebeba habari ya namna hiyo huachwa afike, akae, aseme mwenyewe. Hivyo mama aliupokea ujumbe wangu Alhamisi, akawaita watu wake, akakaa chini.

"Hajafa," nikasema. Hawakunisikia. Ikabidi nipaze sauti kama niko uwanjani. "Hajafa! Yuko hai. Jana nimemwona kwenye simu, amekaa benchi anatafuna mbegu za alizeti."

Kilio kilikatika. Mama akanyanyua uso.

"Anakula?"

"Anakula, dada."

"Sasa wewe ulikuja kusema nini?"

"Kwamba hapandi," nikasema. "Hawezi kuupiga mpira unaopinda."

Wakatazamana. Bibi mmoja pembeni akaanza kucheka, taratibu, kitenge kinywani, na mwenzake akamfuata, na mara mikeka yote ikawa inacheka na kulia kwa pamoja. Mzee wa msikiti akamshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya mpira unaopinda. Mama alinishika miguu, mimi mtu mzima, akanishukuru kwa habari njema. Mke wangu alikuwa anajifuta machozi ya kicheko na kuniita mpumbavu kwa upendo.

Nilikaa. Aibu ilikuwa nusu, nusu nyingine ilikuwa uchungu. Nilikuwa nimebeba habari ya kijana aliyeshindwa kitu alichokipenda tangu utotoni, kifuani kwangu, majuma mazima, na sasa hapakuwa na hata mmoja chumbani aliyesikitika. Nilijisikia mpweke kwa niaba yake. Nikatoa simu nikampigia. Ya kwangu aliipokea, nikaiweka sauti wote wasikie.

"Tonton," akasema, mjomba kwa Kifaransa, ndivyo anavyoniita. Sauti ya usingizi, kule kulikuwa asubuhi. "Ni nani wanacheka?"

Mama akainyakua simu. "Uko muzima?"

"Niko muzima, maman. Kuna nini?"

"Mbona haushike simu yangu?"

Nilimwomba mama simu, akanipa bila kubisha.

"Mama yako aliniomba nikuangalie," nikamwambia. "Nimekuangalia. Tangu Julai."

"Hatua ya kwanza," akasema kabla sijaendelea. "Na mpira wa kupinda. Ninajua, tonton. Walishaniambia tangu mwezi wa ine. Juma lililopita wakaniambia saison ya muchezo ikiisha, hawanitake tena."

Kicheko kilikwisha chumbani. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Niseme kwa nani? Maman alishaambia watu wote mimi ninapanda. Kila nikipiga simu ananiambia tonton amesema unaendelea vizuri. Bon, nikaendelea."

Mama akaichukua simu tena kutoka mkononi mwangu, akaishika kwa mikono miwili karibu na mdomo.

"Kuja nyumbani," akasema. "Kuna nafasi ya masomo ya lifti, inangojea mupaka mwisho wa mwezi. Kuja."

Tulimsikia anavuta pumzi, anaanza kusema, anaacha. Mzee aliacha kuhesabu tasbihi.

"Nitakuja na nini, maman?" hatimaye akauliza. "Miaka tatu. Siko na kitu. Nitatoka kwa aeroport na mikono mitupu, na watu watakuwa pale wananiangalia."

Mama akawatazama waliokaa kwenye mikeka, mmoja mmoja, mpaka akanifikia mimi.

"Watu wako hapa," akasema. "Wote wako hapa, walikuja kukulilia. Tumekulilia tangu juzi, mutoto wangu, tumekulilia kama maiti. Kuja hivyo hivyo."