Springi za Baba na Uzito wa Mama

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai. Nyumbani kwetu Sosiot alipenda vitu viwili ambavyo hakuwahi kuvisema kwa kinywa: mama, na gari dogo jekundu la viti viwili. Gari alilipata kwa meneja mmoja wa shamba kubwa aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo. Hata wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, lilikuwa zee, la mtindo wa zamani, taa zake za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Lilikuwa limeachwa nyuma ya stoo mpaka kuku wakataga ndani yake.

Majirani walimcheka. "Mzee, hiyo kitu inakula nyasi ama petroli?" mmoja wao alimwuliza kila alipopita na ng'ombe wake, kwa kuwa gari lilikuwa chini kiasi kwamba ng'ombe waliliangalia kutoka juu. Baba aliendelea kufungua nati.

Gari lile liliyumba. Kwenye kona za barabara inayopinda katikati ya chai lililala upande kama mtu anayesinzia kanisani, na magurudumu ya nyuma yakataka kwenda kivyao. Baba alichukua mwaka mzima kulifunza. Aliondoa shokomzoba za zamani zilizovuja mafuta, akaweka nyingine ambazo ugumu wake huongezwa au kupunguzwa kwa kuzungusha skrubu. Akaongeza kipande kwenye springi za nyuma, za mbele akazifanya fupi na ngumu. Bushi za mpira za kwenye maungio akazitupa, akachonga za nailoni kwenye mashine ya kiwandani saa ya chakula. Mwishowe akafunga chuma kinene kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, ili upande mmoja usizame peke yake.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja kamwe. Hakurekebisha springi wakati gari ni tupu. Gari tupu, alisema, si gari litakalotembea. Kwenye kiti cha dereva aliweka vyuma vilivyolingana naye. Kwenye kiti cha kushoto, cha mama, gunia la mbolea la kilo hamsini na debe la maji juu yake.

Kipimo hicho hakukipata kwenye mizani. Kwetu mtu hahesabiwi wala hapimwi ovyo. Hata ng'ombe wa boma huhesabiwa kwa macho, kimyakimya. Baba aliujua uzito wa mama kwa mikono yake. Walipokuwa wapya katika ndoa alimbeba kuvuka mto uliofurika, na kesho yake akaenda stoo kunyanyua mzigo mmoja baada ya mwingine hadi mikono yake ikakubali: gunia moja na debe moja.

Jumapili baada ya ibada alimpeleka mama kwenye kona za kuteremkia Fort Ternan. Mama alifunga leso kichwani kwa mafundo mawili. Walirudi na vumbi kwenye nyusi, mama akicheka na kutuambia kwamba gari la baba yenu sasa linashika barabara kama kupe.

Kisha mgongo wa mama ukaanza kuuma. Tulidhani ni kikapu, kwa sababu alikuwa amechuma chai tangu usichana wake. Hospitali ya misheni ilituambia kwamba ugonjwa umeingia mifupani, halafu, baada ya miezi, ikatuambia tumrudishe nyumbani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina miaka kumi na tisa, nikawa ndiye wa kumgeuza kitandani.

Aliomba jambo moja tu. Alitaka kumwona mama yake mzazi, nyanya yetu tuliyemwita kogo, aliyeishi Sigor na ambaye miguu yake haikuweza tena kusafiri. Kutoka kwetu hadi Bomet na kuendelea hadi Sigor ni safari ndefu, na kipande cha mwisho ni murramu, changarawe isiyo na lami. Pikapu ya jirani mama hakuweza kuipanda. Gari la baba tu ndilo lililokuwa chini kiasi cha yeye kuingia kwa kujilaza. Lakini lilikuwa gumu kama ubao. Lilihesabu kila jiwe.

Basi baba akaanza kubomoa kazi yake. Alichomoa chuma kile kinene. Kwenye springi za nyuma alitoa kile kipande alichoongeza na kingine zaidi, akatafuta springi laini za mbele, akarudisha bushi za mpira. Hakusikitika, au hakuonyesha. Nilimletea gunia la mbolea na debe la maji, akavipanga kwenye kiti cha kushoto kama siku zote, akazungusha skrubu za shokomzoba, akabonyeza gari kwa kiganja na kulitazama likipanda na kushuka. Siku ya nne alisema liko tayari.

Hawakufika hata kwenye lami. Niliona gari likigeuza kwenye shimo la kwanza la barabara yetu, likirudi polepole. Mama alikuwa ameuma leso. Baba alizima injini, akabaki ameshika stelingi. Alirudia kwamba alikuwa ameweka sawa, gunia na debe, alikuwa ameweka sawasawa.

Mama alingoja mpaka pumzi ikamrudia.

"Baba watoto," akasema, "umetengenezea gari mwanamke mwingine."

Baba hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Mimi nilielewa mara moja na nikaona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimnyanyua kila asubuhi, na mikono yangu ilijua, na bado nilikuwa nimebeba lile gunia zima nikampa baba.

Ni mama mwenyewe aliyetaka apimwe. Kando ya kituo cha kununulia majani kulikuwa na stoo yenye mizani ya chini, ya kupimia mbolea, yenye chuma kinachosukumwa juu ya ufito wenye namba. Tulimpeleka asubuhi. Wanawake wa foleni walimsalimia, "Chamgei," naye akaitikia. Kisha, walipoona anapandishwa kwenye mizani, wote wakageuka wakatazama chai. Hakuna aliyewaambia. Karani aliinamia kitabu chake na hakuandika kitu.

Baba alikiweka chuma kwenye sabini. Ufito haukuinuka. Akakirudisha nyuma kidogo, kwenye sitini na tano, akangoja. Akakirudisha tena. Alikuwa akikisukuma kwa kidole kimoja, polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Alipita hamsini. Alipofika arobaini na sita ufito ukaelea, na baba akauangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma namba.

Tulimshusha. Baba akaniambia, "Panda wewe." Nikapanda. Hakukigusa chuma, na ufito ukaelea palepale.

"Na nilikuwa nakwambia upepo utakubeba," mama akaniambia, akacheka kidogo.

Mchana ule nilikaa kwenye kiti cha kushoto mahali pa mama. Baba alilala chini ya gari na spana. Aliniambia nisitingishike, nipumue tu kama kawaida. Nilisikia skrubu zikilegea, robo mzunguko, robo tena. Kila baada ya muda alitoka, akabonyeza gari, akanitazama usoni, kisha akarudi chini. Safari moja alikawia huko bila sauti yoyote ya chuma, nami nikaendelea kupumua kama kawaida.

Waliondoka kesho yake. Viti vilikuwa viwili, kwa hiyo nilibaki. Baba alinieleza baadaye kwamba gari lilikwenda kama kitanda. Lililala kwenye kila kona na ilimbidi aendeshe kama anayebeba maziwa. Kabla ya Bomet mama alishikwa na usingizi, usingizi wa kweli. Kwenye murramu hakuamka. Baba alisimamisha gari kabla ya kufika, akamwacha alale kidogo zaidi.

Walirudi siku ya tatu. Mama alifariki kabla mwezi haujaisha, tukamzika juu ya shamba.

Nilipoanza kuandika haya nilimwuliza baba mama na kogo walizungumza nini. Akaniambia hajui. Mkwe haketi nyumbani kwa mama mkwe wake wakati mtu na binti yake wanaongea; alikuwa amekaa nje, karibu na gari. Alisikia wakicheka mara moja, basi akainuka akaenda mbali zaidi, hadi kwenye ua, asije akasikia maneno.