Mshika Kamba Aliyeacha Kuomba Asahau

Saa mbili asubuhi, Mama Kamba anazungusha kamba kwenye nguzo ya chuma, anaivuta kuijaribu, kisha anainua uso. Ghorofa ya saba, juu ya ubao unaoning'inia, mpaka rangi wanayemwita Brashi ameshaanza kazi. Kamba imefungwa kiunoni mwake, imepita kwenye kapi, gurudumu dogo lililofungwa ukingoni mwa paa, ikashuka hadi mikononi mwa mama huyu.

Upepo umeamka mapema. Msimamizi amesimama nyuma yake, mikono mfukoni. Kwa wiki kadhaa alikuwa amemhamishia kwenye kazi ya kukoroga rangi. Leo amemrudisha kwa majaribio.

"Mama, nakuheshimu," alimwambia langoni, "lakini ukikosea tena hakuna kurudi. Roho ya mtu haiwekwi kwenye mikono inayotetemeka."

Katika kazi hii sauti haifiki juu. Kamba ndiyo inayosema. Ikivutwa mara mbili kutoka chini, aliye juu anajua kuna hatari, anashuka mbio. Mikono ya Mama Kamba ilikuwa ikitetemeka, na kule juu mtetemo ulisomeka kama amri ya kushuka.

"Nilikuwa nashuka kama ndoo ya kisimani," anasema Brashi. "Namuuliza, 'Mama, kuna nini?' Ananiambia, 'Hakuna kitu mwanangu, panda.' Nikamwambia hata lifti hupumzika."

Ni Brashi huyohuyo aliyeomba arudishwe. "Wengine wanashika kamba huku wanaangalia simu. Huyu ananiangalia mimi."

Mume wa Mama Kamba naye alikuwa mpaka rangi. Mwaka juzi ubao wake ulichomoka, na siku hiyo hakuwa na mtu wa kumshikia kamba. Matanga yalipokwisha, mjane alikuja kuomba kazi. "Nilisema asianguke mtoto wa mwenzangu," anasema.

Anaishi na mama mkwe wake. Kila jioni hupiga magoti pamoja kando ya kitanda, na kila jioni ombi lake, kwa sauti ya chini, lilikuwa moja: Bwana, nisahaulishe. Alipoondolewa kwenye kamba, aliliomba kwa kilio, na mama mkwe akalisikia.

"Kumbe unamwomba Mungu amfute mwanangu?" aliuliza yule mzee. "Mimi nitabaki naye peke yangu?"

Kisha mama mkwe akamwambia, "Mshukuru Mungu kwa ajili yake. Kitu kimoja tu."

Mama Kamba alitafuta la kusema. "Bwana Yesu, asante kwa kuwa aliimba vibaya kwaya nzima ikasikia, na yeye hakujua."

"Tulicheka palepale, magoti chini," anakumbuka. "Jirani akagonga ukuta. Nilikuwa sijacheka tangu tumzike. Tangu siku hiyo tunamshukuru Mungu kwa kitu kimoja kila jioni. Machozi yapo, lakini hayanikabi."

Ghafla upepo unapiga ukuta. Ubao unainama, kopo la rangi linaanguka na kupasuka chini. Miguu ya Brashi inakosa pa kukanyaga. Ananing'inia kwa kamba peke yake, akizunguka taratibu.

Kamba inakazika kwenye nguzo. Mama Kamba amerudi nyuma hatua moja, visigino vimezama mchangani. Midomo inacheza, macho yamemganda aliye juu. Mikono imetulia tuli.

Juu, mguu unatafuta ubao, unaukosa, unautafuta tena. Unaupata. Brashi anakaa, anapumua, kisha anainua brashi na kuendelea kupaka.

Msimamizi ametoa mikono mfukoni. "Nitatafuta mtu mwingine wa kukoroga," anasema, na kuondoka.

"Nilimwambia Bwana, huyu ni wako, lakini na mimi nimemshika," anaeleza mama huyo baadaye, akijifuta jasho.

Ana mpango, na ameshamwambia Brashi. Ukuta huu ukikamilika, anataka kupanda mwenyewe, mara moja, hadi juu kabisa.

"Nitakushikia," Brashi anamwambia. "Ila usiangalie chini, mama."

"Nitaangalia," anajibu. "Nataka kuona alichokuwa anakiona mume wangu."