Perege Wageni Katika Sufuria ya Hitima

Ndugu wasomaji wa ubao huu, niwieni radhi kwa kimya changu kirefu. Nilikuwa kwenye kamati.

Tulikuwa tukichagua chombo cha kuwatenga perege walioletwa kutoka Kibaha, tuwachunguze kabla ya kuwaingiza katika bwawa la kijiji. Wawili walikuwa na utando mweupe mapezini, kama pamba. Ugonjwa huo ukienea bwawani, kitoweo chetu kimekwisha.

Pipa lilikataliwa kwa sababu lilikuwa na mabaki ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho.

Mtungi ulikataliwa kwa sababu ni mdogo.

Baada ya vikao vilivyojaa hekima, tukachagua sufuria kubwa ya shughuli. Hakuna aliyeuliza kama kuna shughuli.

Leo asubuhi nilikwenda kuwatazama wagonjwa. Nikaikuta sufuria mafigani, imejaa pilau ya hitima. Bi Mwanaidi, mkuu wa wapishi, alikuwa akipalia makaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Samaki wako wapi?"

"Usihofu, hatukuwala. Walikuwa wanahema juujuu, tukawaonea huruma. Tumewamwaga bwawani kwa wenzao."

"Wote?"

"Wote. Kwani mliwafunga kwa kosa gani?"

Nikapewa sahani ya pilau. Ilikuwa nzuri, kwa bahati mbaya.

Jioni kamati inakutana tena. Sasa tunatafuta chombo cha kutenga bwawa zima. Mwenye sufuria ya ukubwa huo aandike hapa chini kwa penseli.

Nitawaandikia tukishaamua, na safari hii tutaamua tukishamwuliza Bi Mwanaidi.