Gari Lina Mwenyewe, Amelala

Mume wa dada yangu walimbandika jina Nipo Njiani, na wala hawakumwonea. Simu ikilia tu, hata awe na tonge mdomoni, hata awe bafuni na povu kichwani, jibu lake lilikuwa hilo hilo: "Nipo njiani, bosi." Mimi nakaa nao nyumba moja, cherehani yangu iko barazani, yote yalipita masikioni mwangu. Kwa hiyo nikisema shemeji yangu ni mwanamume wa shoka, msidhani natia chumvi. Nilimwona alivyokuwa, nikamwona alivyogeuka.

Ni dereva wa lori la saruji. Usiku kucha yuko barabarani, asubuhi anaingia nyumbani vumbi limemkaa mpaka kwenye kope, anaoga, anakula kidogo, analala. Jioni anaondoka tena. Mchana wetu ndio usiku wake, na nyumba nzima tulilijua hilo. Dada anaosha masufuria kama anaosha mayai. Watoto wanachezea nyuma. Mimi cherehani naiacha, nashona kwa mkono, maana cherehani yangu ya miguu ikianza kelele zake hata maiti atakaa kitako. Sote tulinyamaza. Asiyenyamaza alikuwa bosi.

"Uko wapi?" Jamani! Mtu umemwona asubuhi akishusha mzigo, sasa jua liko utosini, atakuwa wapi kama si kitandani? "Turubai umeliweka wapi?" "Tairi la akiba lina upepo?" "Hivi nilishakwambia kesho unapakia wapi?" Kwa kila swali shemeji anashtuka, anapapasa simu, anajibu, anajilaza tena. Usingizi ukianza tu kumchukua, simu hiyo inalia. Mimi barazani nasaga meno.

"Shemeji, si uizime hiyo simu?" nilimwambia siku moja.

"Nikiizima, gari naliaga."

Hakuwa anatania. Bosi alikuwa na sheria yake: dereva asipopokea simu, gari lake anapewa mwingine siku hiyo hiyo. Na shemeji aliijua vizuri sheria hiyo, kwa sababu ndiyo iliyompa gari. Zamani alikuwa dereva wa akiba, anashinda yadini akisubiri mtu augue. Lori lile lilikuwa la mzee mmoja waliyemwita Babu Honi. Mchana mmoja Babu Honi alilala fofofo, simu ikalia weee, hakuisikia. Akapigiwa shemeji, akasema nipo njiani, akakabidhiwa ufunguo. Babu Honi aliamka akakuta hana kazi.

Sasa mzee yule anaosha malori pale pale yadini, na lile lililokuwa lake analisugua kwa mikono yake mwenyewe. Shemeji akiingia yadini humwamkia yeye kabla ya bosi. "Shikamoo, babu." "Marahaba, Njiani. Limekupelekaje leo?" Anauliza habari za lori kama mzazi anayeuliza habari za binti aliyeolewa mbali. Shemeji alikuwa akirudi nyumbani swali hilo bado linamzunguka kichwani, chai anaiacha ikapoa.

Taratibu mwili ukamshinda. Akaanza kupokea simu akiwa usingizini. Wallahi nimeona kwa macho yangu, nilipopita dirishani: macho yamefumba, mdomo unasema, "Sawa bosi, napakia sasa hivi, nipo njiani," kisha simu inaanguka kifuani na mtu anaendelea kukoroma. Akiamka hakumbuki lolote. Mara ya kwanza bosi alimngoja ghalani yeye na mteja wake, dereva hatokei.

"Si umesema unakuja?"

"Nimesema lini, bosi?"

"Kumbe mimi ndiye mwendawazimu!"

Madereva wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, maana kila mmoja yalishamkuta. Mmoja wao, waliyemwita Kipara, aliwahi kukubali safari mbili za pande mbalimbali kwa mpigo, zote amelala. Habari ilipofika nyumbani nikacheka na mimi. Dada yangu hakucheka.

"Mtu anayeweza kuongea amelala," aliniambia, "ataendesha amelala."

Na ikawa. Mchana mmoja bosi alipiga, akapiga, akapiga, mpaka shemeji akaamka, akavaa shati kinyume, akaondoka usingizi wake haujafika hata katikati. Jioni tukasikia lori linaegeshwa nje ya nyumba, jambo ambalo shemeji hafanyi kamwe. Dada akatoka kumpokea, mimi nyuma yake. Kwenye bampa la mbele kulikuwa na majani mabichi, udongo, na kamba ya kuanikia nguo, vibanio vyake bado vinaning'inia.

Shemeji alishuka akakaa kwenye kidato cha mlango wetu. "Nilifumba macho," alisema. "Nilidhani nimeyafumba kidogo tu. Nilipoyafumbua niko uani kwa watu. Mama wa nyumba ndio kwanza alikuwa anaingia ndani na beseni la nguo. Na mtoto mgongoni." Halafu akalia. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia vile, mabega yote yanatikisika.

Dada alivifungua vile vibanio kimoja kimoja, akavikusanya kwenye kiganja. Kisha akanyoosha mkono, apewe simu. "Kuanzia leo ukilala, hii inalala kwenye debe la unga. Atakayeitoa ni mimi."

"Gari litaondoka."

"Liondoke. Wewe ubaki."

Shemeji akajifuta uso kwa shati. "Basi niachie nimwambie bosi mwenyewe," alisema. "Sitaki ajue kwa kuchelewa. Nitamwambia usoni." Akanyoosha mkono akaviomba vile vibanio.

Kesho yake alisahau chupa yake ya chai, ama dada aliificha makusudi ili niwe na sababu, nikaipeleka yadini. Nilimkuta amesimama mbele ya bosi, madereva wamezunguka. Alivipanga vibanio juu ya pipa la oili. "Bosi, jana nusura niue mama na mtoto," alisema. "Nikiwa kazini nipigie utakavyo. Nikilala, nimelala. Na mwenzangu akilala, usinipigie nichukue gari lake. Jibu langu lichukue kabisa sasa hivi: gari lina mwenyewe, amelala."

Kisha akamgeukia Babu Honi, aliyekuwa kando na ndoo yake. "La kwako nililichukua, babu. Nisamehe. La mwingine silichukui."

Mzee akachovya tambara lake ndooni. Madereva waliangalia viatu vyao. Bosi alisema neno moja tu, "Tutaona," akaingia ofisini. Nakwambia ukweli, pale pale nilijisikia fahari kama niliyemzaa mimi.

Bosi naye hakukawia kumpima. Kipara hakupokea simu, na Kipara alikuwa na lori jipya, viti vyake bado vina nailoni. Shemeji akapigiwa akiwa bado ananawa uso baada ya kuamka. "Njoo ulichukue, ni lako." Nilimwona akimeza mate. "Gari lina mwenyewe, bosi," alisema. "Amelala." Akakata simu, akabaki ameshika taulo, hajipangusi. Kipara aliamka akakuta lori lake bado ni lake.

Wiki hiyo hiyo ikafika zamu yake. Debe la unga likaanza kunguruma jikoni. Dada akafungua, akaitoa simu, akaipangusa kwa upindo wa gauni.

"Amelala, bosi," alisema.

"Mwamshe."

"Hapana, baba. Amelala."

"Basi akiamka mwambie asijisumbue kuja. Ufunguo nampa mwingine sasa hivi."

Dada akairudisha simu kwenye unga, akaketi. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwikoni. Mimi uvumilivu ukanishinda. "Dada, tumwamshe! Hii ni riziki ya watoto!" Nikasimama, nikaelekea chumbani, na dada, mpole yule asiyemfukuza hata kuku, akajipachika mlangoni. "Alisema asiamshwe hata kwa hili," alisema. "Hasa kwa hili." Tukarudi barazani tukakaa roho juu, yeye akichambua mchele uliokwisha chambuliwa, mimi nikishona mfuko wa suruali mahali pasipotakiwa mfuko.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi pale gari dogo liliposimama nje. Bosi mwenyewe! Shati limefungwa vifungo upande upande, macho mekundu, ufunguo wa lori mkononi. Nikajiweka tayari kumpa vidonge vyake.

"Yuko wapi?"

"Amelala," tulijibu wote wawili kwa mpigo.

Akajipangusa jasho kwa mkono wenye ufunguo. Kisha akaanza kulalamika, tena kwa sauti ya chini, sijui hata kama alijijua. "Nimempigia Kipara. Ananiambia gari lina mwenyewe, amelala. Nikampigia mwingine, hivyo hivyo. Wa tatu kacheka kwanza, halafu kasema hivyo hivyo. Mpaka huyu mzee wa ndoo! Nimemfuata kwa miguu yangu, ufunguo huu hapa, nikamwambia babu, gari lako la zamani, lichukue leo leo. Kaendelea kusugua tairi. Hata hakuinua uso. Kaniambia, 'Hilo lina mwenyewe.'"

Dada alijifunika uso kwa ungo. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia, na mimi nilipoona hivyo machozi yakanitoka, nikafutia pua suruali ya watu.

"Mzigo lazima uondoke jioni," alisema bosi. "Anaamka saa ngapi?"

"Akishiba usingizi," alisema dada. "Karibu kiti, bosi. Lakini ongea taratibu."

Akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, karibu na cherehani. Simu yake ikalia, akairukia kama shemeji alivyokuwa akiirukia yake. Mwenye mzigo alikuwa anafoka, tulimsikia mpaka sisi. "Ndiyo, mheshimiwa," bosi alisema. "Ndiyo. Sijalala, mheshimiwa, nitalala saa ngapi? Nipo njiani." Mimi na dada tukatazamana. Kumbe na huyu ana bosi wake!

Akaiweka simu pajani. Baraza lilikuwa kimya, kuna kaupepo, na kiti changu kina mto. Kichwa kikaanza kumwangukia. Simu ikalia tena, akaipeleka sikioni macho yamefumba. "Sawa, mheshimiwa, lori hilo hapo linaingia," alisema, simu ikamponyoka, kidevu kikaenda kifuani, na bosi wa watu akaanza kukoroma.

Hapo ndipo shemeji alipotoka. Amelala akalalika, uso umejaa, ana alama ya mto shavuni. Akamwona bosi. Akauona ufunguo wa lori lake umening'inia kwenye kidole cha bosi. Dada akamnong'oneza yote, na alipofika kwenye maneno ya Babu Honi shemeji alimwomba arudie. Akarudia. Shemeji akashika nguzo ya baraza, akainamisha kichwa.

Simu ya bosi ikaanza tena pale pajani. Mimi hasira zangu za mchana wote zilikuwa zinachemka. Mguu wangu ulikuwa tayari juu ya kanyagio.

"Shemeji, ngoja nimkurupushe," nilisema. "Aonje na yeye!"

Shemeji aliweka mkono kwenye gurudumu la cherehani, likasimama.

"Mwache, shemeji," alisema. "Amelala."

Akainama, akaichukua ile simu kutoka pajani kwa bosi polepole, akaingia nayo jikoni, na tukasikia mfuniko wa debe la unga ukifungwa.