Farasi wa Mbao wa Kanisani

Jumapili baada ya ibada, wazee wa kanisa letu walizunguka farasi wa mbao, ile bembea ya mviringo inayozunguka, ambayo watoto husukumana juu yake. Mzee mmoja, mwendesha gari la ng'ombe la mzungu mwenye shamba jirani, akaigonga kwa fimbo. "Imechakaa. Tuing'oe iwe kuni."

"Na watoto wacheze na nini?" akauliza mama mmoja. "Panda kwanza, Mzee, ndio uihukumu."

Akapanda, kofia mkononi. Watoto wakasukuma, mbao zikalia, naye akacheka mpaka machozi. Aliposhuka akakohoa. "Nitaleta mbao za mtarakwa kutoka Timboroa. Hii isiguswe kabla mpya haijasimama."

Nakubaliana naye kabisa. Ila nakiri mbele za Mungu, hiyo mpya sikuingoja: nilimpa yule mama Biblia yangu anishikie, nikapanda.