Magadi katika Maji ya Dhahabu

Mke wangu alikuwa na wiki sita kaburini nilipoambiwa nichemshe majani ya mpera. Nilikuwa naosha chupa katika maabara ya chuo kimoja mjini. Daktari wa kemia pale, mwanamke niliyemzidi umri, alitumia maji ya majani badala ya dawa kali kuigeuza dhahabu iliyoyeyushwa iwe punje ndogo mno, za kutiwa kwenye kifaa cha kutambua sumu ndani ya maji. Zikipatikana, maji ya manjano ya dhahabu huwa mekundu. Kwa miezi yalikuwa yakitoka kahawia tu. Ilibaki chupa moja ya dhahabu, na wakubwa walisema ikiisha bure, maabara inafungwa. Kazi yangu ilikuwa humo.

Jiko la maabara lilikuwa limeharibika, basi nikachemshia nyumbani Kaloleni, asubuhi, kwenye makaa, kwa sufuria yetu ya mboga.

“Baba, unaharisha au mboga zimeisha sokoni?” jirani akaniuliza akipita na ndoo.

“Ni ya kazini.”

“Kazi ya kupika miti. Pole.”

Nilipokuwa nikimkabidhi Daktari yale maji ndipo nilipokumbuka: nilitia magadi. Mke wangu aliyatia kwenye kila mboga ya kienyeji iliyoingia sufuria ile, ilainike, na tangu afe nilikuwa napika vile vile, vidole viwili kwenye kopo lake, bila kufikiri.

“Mbona meusi leo?” Daktari akauliza.

Nikanyamaza. Akamimina nusu ya dhahabu. Sikuhesabu hata kumi, yakawa mekundu kama divai ya kanisani.

Alikaa kwanza. Kisha akafungua daftari, akaandika: majani ya mpera, maji, basi.

Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kwenda kuosha chupa zangu.

“Daktari, yana magadi.”

Kalamu ikasimama. “Kiasi gani?”

“Sijui. Ya vidole. Mama watoto hakuwa anapima.”

“Mzee, ulinyamaza nikimimina.”

“Nilinyamaza.”

Akakata mstari ule, akaitazama nusu iliyobaki. “Nenda ulete kopo. Hilo hilo.”

Nilirudi nalo, na maji ya majani mengine niliyochemsha bila kitu. Yalibaki magadi ya chini kabisa. Nilichota kwa vidole viwili mara tano juu ya mizani, tujue ni kiasi gani, akaandika kila mara. Nilichokwangua mwisho akakitia kwenye maji ya majani, akamimina dhahabu yote iliyobaki. Tulihesabu wote wawili, kwa sauti. Tulipofika saba, yakageuka mekundu.

Kopo nililirudisha nyumbani tupu.